Kadi Iliyofungwa Haisemi

Mwezi wa Agosti, mwaka 2022, kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani kiliuzwa mnadani huko Marekani kwa dola milioni 12.6. Juu yake pana picha ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa timu ya New York Yankees. Kilichapwa mwaka 1952 na kampuni ya Topps, watengenezaji wa ule ubani wa kutafuna ambao watoto wengi wa Afrika Mashariki wameujua kwa jina la bazoka, na kilikusudiwa mtoto akipate kwa senti chache, akitazame, akibadilishane na mwenziwe, kisha akitie mfukoni pamoja na gololi zake. Aliyekiuza alikuwa amekinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000. Habari ilienea dunia nzima, na wengi walioisimulia waliisimulia kama habari ya ushindi. Ushindi wa nani, hilo halikuulizwa.

Wafanyabiashara wa kadi hupenda kusema kwamba bei hiyo imetokana na ukubwa wa mchezaji. Mantle alikuwa mchezaji mkubwa, hapana ubishi. Lakini kadi hiyo si hata ya kwanza kwake. Ipo nyengine ya mwaka 1951, iliyotolewa na kampuni ya Bowman, na bei yake iko chini sana. Siri ya bei imo baharini. Fungu la mwisho la kadi za Topps za mwaka 1952, ambamo Mantle alikuwamo, lilitoka msimu ukikaribia kwisha na halikununulika. Makasha yalilala ghalani hata mwaka 1960, Sy Berger, aliyekuwa mmoja wa wabunifu wa kadi hizo, akayapakia kwenye tishari na kuyamwaga katika Bahari ya Atlantiki. Kadi zilizokuwa mikononi mwa watoto nazo, nyingi zilikwenda na maji kwa njia nyengine: zilibanwa kwenye spoku za baiskeli ili zitoe mlio, au zilitupwa na akina mama waliokuwa wakisafisha vyumba baada ya vijana wao kuhama. Bei ya leo, basi, si kipimo cha mapenzi. Ni kipimo cha uchache, na uchache huo ulizaliwa na kutojali.

Hali ni hiyo hiyo kwa kadi ya Honus Wagner, iliyotiwa ndani ya pakiti za sigara na American Tobacco Company katika mfululizo wa mwaka 1909 hadi 1911. Uchapaji wa kadi yake ulisitishwa mapema. Wako wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake. Wako wanaosema alitaka alipwe. Nakala zinazojulikana zinakisiwa kuwa kama 60 tu, na mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25. Ikiwa hadithi ya kwanza ndiyo ya kweli, basi mtu aliyekataa sura yake isifanywe chambo cha biashara amefanywa chambo kikubwa kuliko vyote.

Tazama kinachofanyika baada ya kadi kununuliwa. Mkusanyaji wa zamani aliziweka kadi zake katika sanduku la viatu, akazipanga, akazitoa jioni kumwonyesha rafiki. Leo kadi yenye thamani hupelekwa kwanza kwa kampuni ya wapimaji, ambao huchunguza pembe, kingo na uso wake, wakaipa alama kuanzia 1 hadi 10, kisha wakaifunga ndani ya kibweta kigumu cha plastiki. Kadi ile ya Mantle ilipewa 9.5. Tangu hapo haiguswi, maana kuitoa ni kuipotezea alama. Nyengine hutoka mnadani zikaingia moja kwa moja katika vyumba vya chuma, na zimekuwapo kampuni zilizouza hisa za kadi moja kwa watu chungu nzima, ambao wengi wao hawataishika maishani mwao. Nyuma ya kadi ya mwaka 1952 kuna maandishi: habari za maisha ya mchezaji, na takwimu zake za uwanjani. Yaliandikwa ili mtoto ayasome. Mwenye hisa hana haja nayo. Kwake imetosha ile tarakimu iliyobandikwa juu ya plastiki.

Watetezi wa soko wana hoja moja inayostahili kusikilizwa. Wanasema kwamba bila ya bei hizo, karatasi hizo zingekuwa zimekwisha kuliwa na mchwa, na kwamba fedha ndiyo iliyozifungua dari na makasha ya zamani. Ni kweli kwamba tamaa imeokoa baadhi ya kadi. Lakini tamaa hiyo hiyo imezikata kadi kwa makasi. Kadi ya Wagner iliyosifiwa kuliko zote, ile iliyonunuliwa mwaka 1991 kwa dola 451,000 na Wayne Gretzky, mchezaji maarufu wa magongo ya barafuni, pamoja na mshirika wake, ilipimwa na kupewa 8, alama ya juu kwa karatasi ya umri ule. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Mwaka 2013, Bill Mastro, mfanyabiashara aliyekuwa ameimiliki kabla yao, alikiri mbele ya mahakama kwamba alizipunguza kingo zake ili zionekane kali na mpya. Kosa lilifichuka, na plastiki ikabaki. Soko linalojitapa kuwa mlinzi lilikuwa limelipa zaidi kwa kilichoharibiwa kuliko kwa kilichochakaa kwa haki.

Hoja hiyo ina upungufu mwengine mkubwa zaidi: bei haijui historia. Mfululizo ule wa sigara una kadi zaidi ya 500, na hamna ndani yake mchezaji mweusi hata mmoja, kwa kuwa ligi kuu ziliwafungia mlango. Josh Gibson, mpigaji wa ligi za watu weusi, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Jackie Robinson kuingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na kuuvunja ubaguzi huo. Katika uhai wake hakuna kampuni kubwa ya kadi ya Marekani iliyomtolea kadi. Mwaka 2024, takwimu za ligi za weusi zilipounganishwa rasmi na za ligi kuu, Gibson alipanda juu ya wote kwa wastani wa kupiga mpira maishani. Mpigaji wa kwanza katika orodha hakuwa na karatasi ya kupimwa pembe. Anayejifunza besiboli kwa kufuata bei ataijua tumbaku kuliko mchezo.

Kwamba ipo njia nyengine ya kukusanya, imethibitishwa na mtu mmoja asiye tajiri. Jefferson Burdick alikuwa mfanyakazi wa kiwanda mjini Syracuse, katika jimbo la New York, aliyesumbuliwa na maradhi ya viungo hata vidole vikakakamaa. Alikusanya kadi za kila namna wakati zilipokuwa hazina bei, akaziandikia orodha, na mpaka leo wafanyabiashara hutumia hesabu yake: jina T206, wanalolitaja kwa pumzi ya kicho wakizungumza juu ya kadi ya Wagner, limetokana na orodha hiyo. Mwaka 1947 alianza kuitunukia jumba la Metropolitan Museum of Art mali yake yote, vipande zaidi ya 300,000, na kati yake kadi za besiboli zaidi ya 30,000. Kisha akakaa kuzipanga mwenyewe, akizibandika kwa gundi katika albamu. Alimaliza Januari 1963. Machi mwaka huo alifariki. Mfanyabiashara akiiona gundi ile hushika kichwa. Lakini gundi hiyo ndiyo iliyozifanya kadi zibaki pamoja, katika mpangilio wenye maana, mahali ambapo mwanafunzi anaweza kwenda kuziangalia. Wagner naye yumo.

Mpenzi wa ushairi wa pwani asidhani kwamba haya ni ya Wamarekani peke yao. Kadi hupanda bei kila nakala nyengine inapopotea. Shairi hupata uhai kila nakala inapoongezeka. Muhamadi Kijumwa wa Lamu alitumia sehemu kubwa ya umri wake kunakili tenzi kwa mkono, na hati zake nyingi ziko leo London na Ujerumani. Zinasomwa kwa sababu zilinakiliwa. Mwenye hati ya babu yake ndani ya kasha, anayekataa hata isipigwe picha kwa kuwa huenda siku moja mgeni akaja na bei nzuri, amekwisha kuingia katika mnada ule wa dola milioni 12.6 bila ya kujijua. Hofu yake ina sababu: ziko karatasi zilizoazimwa zisirudi. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kunakili na asili ikabaki nyumbani kwake. Kufunga kasha si dawa. Mchwa hawaulizi bei, na utenzi uliobaki katika nakala moja isiyosomwa hauna tofauti na makasha yale ya Topps yaliyo chini ya Atlantiki.

Burdick hakuwa na fedha wala afya. Alikuwa na gundi, na aliijua kazi yake.