Tovuti za kampuni zetu zinawalazimisha wasioona kutoa siri zao

Biashara za Pwani zimehamia mtandaoni kwa kasi. Hoteli za Diani na Malindi zinauza vyumba kwenye tovuti, kampuni za mabasi zinauza tikiti kwa simu, na vyama vya akiba na mikopo vinawataka wanachama wajaze fomu mtandaoni. Serikali nayo ilitangaza mwaka 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa kwenye eCitizen. Kwa wengi wetu hii ni nafuu kubwa, kwani foleni zimepungua na nauli ya kwenda mjini imebaki mfukoni.

Lakini wako wenzetu ambao foleni waliimudu, na tovuti haiwezekani kwao. Kipofu aliyefika kaunta aliuliza, akajibiwa kwa sauti, akamaliza shughuli yake. Tovuti iliyotengenezwa vibaya haimjibu.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye umri wa miaka mitano na kuendelea wanaoishi na ulemavu, sawa na asilimia 2.2. Waongeze wazee wenye mtoto wa jicho, aliyepooza mkono baada ya kiharusi na aliyevunjika mkono juzi kwenye ajali ya bodaboda. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na msemo huo haujamtoa mwenye kampuni.

Wapo wanaodhani asiyeona hatumii simu. Anaitumia, na kwa wepesi mkubwa. Simu za Android zina TalkBack, iPhone ina VoiceOver, na kwenye kompyuta kuna NVDA, ambayo ni ya bure. Programu hizi husoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini, naye mtumiaji huchagua kwa kidole au kwa kibodi. Sharti ni moja tu: maandishi yawepo.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Bei za vyumba huwekwa ndani ya bango, na bango ni picha, kwa hivyo simu husema “picha” na kunyamaza. Tangazo la kazi huskaniwa na kupandishwa hivyo hivyo, bila neno hata moja linaloweza kusomwa. Vitufe vya kulipa na kurudi nyuma vina alama bila jina, basi anachosikia mtu ni “kitufe, kitufe, kitufe”. Nafasi za fomu hazina majina, hajui pa kuandika simu wala pa kuandika nambari ya kitambulisho. Nambari ya kuthibitisha nayo hutumwa kwa ujumbe mfupi na kuisha muda kabla hajaufikia.

Atafanya nini? Atamwita mpwa wake au ataenda saiba. Atamtajia mtu mwingine nambari ya kitambulisho, neno la siri, na ile nambari ya kuthibitisha. Mtu huyo ataona salio lake, deni lake, pengine hata ugonjwa aliouandika kwenye fomu ya bima. Sisi watu wa Pwani tunajua thamani ya sitara. Mtu huficha shida yake hata kwa jirani wa ukuta mmoja. Huyu tumemvua sitara yake kwa sababu fundi hakuandika jina la kitufe.

Na fedha zikipotea, swali la kwanza analoulizwa mteja ni kama alimpa mtu nambari yake ya siri. Akikiri, hasara inaweza kuwa yake. Kampuni inamkataza kutoa siri, kisha inamjengea ukurasa usioweza kutumika bila kuitoa.

Viziwi wana mzigo wao. Video ya maelezo haina maandishi chini yake, na msaada kwa wateja ni nambari ya kupiga simu tu. Mwenye mikono isiyotulia naye hukwama kwenye ukurasa unaodai kugusa kitufe kidogo mno, au usiokubali kibodi peke yake.

Sheria haikosekani. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na cha 27 kinamkataza mtu yeyote, si serikali pekee, kumbagua mwenzake kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya mwaka 2003 ilivitaka vituo vya televisheni kuweka lugha ya ishara au maandishi kwenye taarifa za habari. Mei 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lina kiwango cha ufikivu wa teknolojia ya habari tangu 2022. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza. Kampuni inapomwajiri kijana aitengenezee tovuti, huzungumza bei, rangi na tarehe ya kumaliza, na mkataba haugusi ufikivu kabisa.

Wenye kampuni husema ni gharama. Tazama takwimu. WebAIM, kituo cha Chuo Kikuu cha Utah State nchini Marekani, hukagua kila mwaka kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja. Mwaka 2025 asilimia 94.8 zilikutwa na makosa. Lakini makosa yaliyoongoza ni ya aina chache: maandishi yaliyofifia, picha zisizo na maelezo, nafasi za fomu zisizo na majina. Haya hurekebishwa na fundi wa kawaida, na kuyazingatia tangu mwanzo ni rahisi kuliko kubomoa baadaye.

Mwenye kampuni ajihadhari pia na njia ya mkato. Ziko programu zinazouzwa kwa ahadi kwamba ukizibandika juu ya tovuti, kila kitu kitajirekebisha. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni moja ya programu hizo, accessiBe, ilipe dola milioni 1 kwa kutoa madai ya kupotosha.

Jambo hili linagusa pia soko letu la utalii. Marekani, asiyeona mmoja aliishtaki Domino's kwa kushindwa kuagiza piza mtandaoni, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikakataa kusikiliza rufaa ya kampuni hiyo. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya ufikivu inayogusa benki na maduka ya mtandaoni ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025. Mgeni wa kutoka huko ataendelea kuzoea tovuti zinazosomeka. Akikuta ya hoteli yetu haisemi, atatafuta nyingine.

Pa kuanzia papo. Kila picha yenye habari iandikiwe maelezo, na bei ziwe maandishi. Kila kitufe na kila nafasi ya fomu ipewe jina. Maandishi yakolee, na video iwe na maandishi chini yake. Kisha aitwe asiyeona, alipwe kama fundi mwingine yeyote, na ajaribu kununua tikiti mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa. Akikwama, kazi haijaisha na fundi asilipwe malipo ya mwisho.

Kaunti sita za Pwani zina nguvu ambayo kampuni moja haina, nayo ni zabuni. Zikiandika kwamba tovuti au mfumo wowote utakaonunuliwa lazima utimize kiwango cha KEBS, mafundi watajifunza mara moja, na wateja wao wengine watanufaika. Wawakilishi wetu wa wadi wanaweza kulidai hilo katika bajeti ijayo, na sisi wapiga kura tunaweza kuwauliza kama wamelidai.