Tatizo Ni Ekzosi Tupu, Siyo Fundi wa Mtaani
Mwandishi aliyetaka polisi wakamate kila pikipiki yenye ekzosi ya kuchomelea nyumbani amekosea shabaha. Makelele yanayotuamsha usiku hutoka kwenye ekzosi zilizong'olewa vizuizi vya ndani, na nyingi kati ya hizo zilitoka kiwandani.

Sailensa si uchawi. Ya aina rahisi ni bomba lenye matundu madogo, limezungushiwa pamba ya kioo, kisha likafungwa ndani ya gamba la chuma. Mlio hupenya matunduni, pamba ikaunasa na kuugeuza joto. Moshi unaendelea na safari yake. Fundi mwenye grinda na mashine ya kuchomelea anaiweza kazi ya kuitengeneza. Kwa dereva wa bodaboda ambaye ekzosi yake imeliwa na kutu kutokea ndani, mara nyingi huyo ndiye fundi ambaye gharama zake anazimudu.

Hatari ya kweli mwandishi hakuigusa kabisa: kutengenezea ekzosi bomba la maji lililopakwa zinki. Bomba hilo likichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa na kifua kubana. Atumie bomba jeusi, tena achomelee mahali penye hewa.

Polisi wapime sauti. Anayepiga kelele aadhibiwe, hata kama ekzosi yake ina nembo ya kiwanda.