Benchi la CTC linavyowafukuza wagonjwa

Mhariri,

Sisi wa Kagera tuliujua Ukimwi mapema. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure tangu 2004. Mbona basi watu wanaziacha?

Hapa Kanazi jirani yangu hakuacha kwa ukaidi. Alikwepa kliniki ya karibu asionekane kwenye benchi la CTC (kliniki ya tiba ya Ukimwi), akachagua ya mbali. Msimu wa kulima nauli ya bodaboda ikamshinda. Aliporejea alikaripiwa mbele za watu kama mtoro wa shule (mtu mwenye wajukuu!). Hakurudi tena.

Wengine huacha dawa kwa kuwa wakiombewa hudhani wamepona.

Wanaoendelea vizuri wapewe dawa za miezi sita, nasi majirani tuache kuchungulia benchi lile.

Msomaji,
Kanazi, Ngara