Staa, Funguo Ulituonyesha, Brekidauni Mbona Umeificha?

Wadau, leo hatuongelei nani kaachana na nani. Leo tunaongelea gari. Na kabla hujasema umekosea njia umeingia kwenye ukurasa wa mafundi, tulia, staa yumo humu humu. Jina kapuni. Ukimjua, kaa naye.

Mnakumbuka ile posti ya funguo? Najua, wameposti wengi mpaka zinachanganya. Hii ni ya yule aliyesimama mbele ya yadi, miwani nyeusi, ndinga nyeupe ya kifahari kutoka Ulaya iko nyuma yake imefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya kichen pati. Akaandika kwamba yeye hanunui gari kwa watu wa ovyo, ananunua kwa ndugu zake wa yadi ile, gari safi, waranti juu. Chini watu wakamwaga mioto na mataji. Na mimi niliweka moto wangu, sikatai.

Sasa huku Mofu kuna mtu naye aliiona.

Kwa wasiojua, Mofu iko bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro. Unafika Ifakara kwanza, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar, halafu unashika njia ya upande wa Mlimba. Ule mchele mnaouita wa Ifakara, mnaokula na kuusifia harufu, mwingine unatoka huko. Mjomba wangu analima mpunga na kununua wa wenzake, anakoboa, anauza. Ana pikipiki mbili na trekta la kukodisha. Siyo tajiri wa kutisha, ila ni mtu ambaye kijijini akipita watu wanasimama kumsalimia. Kitu pekee alichokuwa hana ni gari la kupitia.

Baada ya mavuno, mwezi wa nane, akanipigia. "Mpwa wangu, hii yadi ya yule kijana wa muziki unaijua?" Nikamwambia naijua kwa kuiona, mjomba. Akasema, "Mtu mkubwa vile hawezi kuweka sura yake kwenye uongo." Mimi sikumkatalia. Hilo linaniuma mpaka leo. Nilitakiwa kumwambia kuwa sura inalipiwa, na bei yake ipo.

Akaja Dar na hela za mpunga, milioni 68. Humo ndani kulikuwa na ada ya binamu yangu aliyekuwa aanze chuo, mjomba alihesabu atairudisha kwa mauzo ya mchele kabla chuo hakijafunguliwa. Wakampa gari linalofanana na la staa, rangi tu tofauti. Wakampa na karatasi: waranti ya siku 90, injini na gia boksi. Wakampiga picha. Mjomba kwenye ile picha ameshika funguo vile vile kama staa, mpaka mkono wa kushoto kiunoni.

Siku ya 41 gari likafa karibu na Idete.

Sasa najua mnachotaka kuandika hapo chini. "Tope la Kilombero hilo." Wapi! Ilikuwa mwezi wa tisa, kiangazi, barabara kavu mpaka vumbi linaingia kwenye meno. Hakuvuka mto, hakuvuka dimbwi. Alikuwa anatoka Ifakara mjini na magunia mawili ya saruji nyuma. Gari likaanza kugonga chini, kama mtu anapiga nyundo sakafuni, likanuka kuungua, halafu likawa linaunguruma bila kusogea. Trekta lake mwenyewe ndilo lililokuja kulivuta. Watoto wakakimbia nyuma wanashangilia. Mjomba anasema vyote anaweza kusahau, siyo hicho.

Akapiga simu yadi. Mtu aliyekuwa anamwita "mzee wangu" siku 41 zilizopita sasa anamwita "mteja". Eti waranti inataka gari lifikishwe Dar kwa gharama ya mwenye gari. Likapandishwa kwenye Fuso. Likafika siku ya 49. Yadi wakasema wanalichunguza. Baada ya wiki mbili, bado wanalichunguza. Halafu wakasema wanasubiri jibu la Dubai kuhusu spea. Jibu lilikuja siku ya 93. Nimehesabu mwenyewe kwenye meseji za mjomba, siku ya 93, na meseji inaanza kwa kusikitika kwamba muda wa waranti umekwisha.

Halafu wakaongeza sababu mbili, kama kawaida ya mtu ambaye sababu yake ya kwanza haimtoshi. Moja, kilichokufa ni transfa, na karatasi inasema injini na gia boksi. Transfa, kwa wasiojua, ni lile boksi linalogawa nguvu kwenda matairi ya mbele na ya nyuma. Limefungwa kwa bolti nyuma ya gia boksi, vinagusana kama mume na mke, ila kwenye karatasi ya yadi hawajuani. Mbili, kuna mstari chini kabisa, maandishi ya sisimizi, kwamba waranti haihusu hitilafu itokanayo na matumizi ya barabara isiyo na lami.

Hebu rudia kuusoma. Gari la 4x4. Magurudumu yote manne yanavuta. Kwenye tangazo linapanda milima. Umeuziwa kwa sababu ya hayo. Na waranti yake inakufa ukitoka kwenye lami! Mofu lami iko wapi? Na wewe unayecheka uko Goba au Kivule, kwenu lami inafika mlangoni?

Kwa hiyo naomba tuache ile hoja ya "mjomba wako mshamba, gari la mjini kapeleka shamba". Nimeisikia hata kwa ndugu. Aliwaambia yadi anaishi wapi, anuani ya Mofu imeandikwa kwenye mkataba wao wenyewe. Walijua wanamuuzia mtu kitu ambacho siku anapofika kwake tu waranti imekufa. Ushamba hapo uko upande gani?

Tukalitoa yadi, tukalipeleka kwa fundi mwingine, Ilala. Kijana mdogo, mkono mweusi mpaka kiwiko, ila anajua anachofanya. Alichotuonyesha kila mtu anayefikiria kununua ndinga ya namna hii akakione.

Alifungua nati ya chini ya transfa. Oili ikatoka nyeusi, nzito, inang'aa ndani yake vichembe vya chuma. Akatuambia vichembe vile siyo vya siku 41, oili ile haijawahi kubadilishwa pengine tangu gari lizaliwe. Kuna uzushi mjini kwamba oili ya gia boksi za magari haya ni ya maisha. Hata ZF, kampuni ya Kijerumani ambayo gia boksi zake ziko kwenye magari mengi ya kifahari, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au miaka 8, kutegemea gari linavyoendeshwa. Ukinunua yutumba wa kilomita 140,000 na hakuna karatasi inayoonyesha imebadilishwa lini, ujue unanunua maisha ya watu wengine.

Halafu akaenda kwenye matairi. Mbele mapya kabisa, yanang'aa. Nyuma ya zamani, yameisha, tena ya kampuni nyingine. Akauliza, "Mzee, haya ulibadilisha wewe?" Mjomba akasema hapana, gari lilitoka yadi hivyo hivyo, na alifurahi kuona wamemwekea mapya. Fundi akacheka kicheko kile cha huruma. Akaeleza: tairi jipya lina mzingo mkubwa kuliko lililoisha. Kwa hiyo mbele na nyuma hayazunguki sawa. Kwenye gari la kawaida la kuvuta mbele tu, unaweza usione shida hiyo. Kwenye gari ambalo transfa inafanya kazi muda wote, ndani ya lile boksi kuna diski za klachi zinazojaribu kusawazisha ile tofauti kila mzunguko, kilomita baada ya kilomita. Zinateleza, zinachemka, zinaungua. Ongeza oili iliyochoka, hesabu umemaliza.

Yaani ile tairi mpya waliyoweka ili gari lipendeze kwenye picha ilisaidia kuua transfa. Vumbi la Idete limesingiziwa.

Bei ya kutengeneza: yadi walisema milioni 9. Fundi wa Ilala anasema akipata transfa iliyotumika iliyo nzima, na matairi mawili yanayofanana na ya mbele, itapungua sana, ila hela yoyote kwa sasa ni nyingi, mjomba hana. Binamu yangu hakuripoti chuo. Yuko Mofu, anasaidia mashineni kwa baba yake kupima mchele. Hajalalamika hata siku moja, na afadhali angelalamika.

Sasa staa anaingiaje?

Wakati fundi anatueleza ya matairi, nyuma yake kuna gari limefunikwa turubai la bluu. Upepo ukainua kona. Nikaona rangi nyeupe. Nikaona namba. Mimi kazi yangu ni kukariri namba za magari ya watu, Mungu anisamehe. Nikamuuliza fundi, hili la nani? Akanyamaza. Nikamtajia. Akasema, "Sijasema mimi." Lina muda gani hapa? "Miezi saba." Shida nini? "Gia boksi. Na yeye walimwambia waranti haihusu."

Miezi saba, wadau. Hesabu na mimi. Mjomba alinunua mwezi wa nane, sisi tuko Ilala mwezi wa kumi na mbili. Maana yake siku mjomba anapigwa picha na funguo, gari la staa lilikuwa tayari liko chini ya turubai, limekwama kwa yadi ile ile, kwa karatasi ile ile. Na ile yadi mpaka mwezi wa kumi bado ilikuwa inamlipa, au anawadai, sijui wanavyomalizana, lakini posti zilikuwa zinaendelea. "Ndugu zangu hawa hawajawahi kuniangusha." Picha za zamani, usukani ule ule, saa ile ile mkononi, "asubuhi njema familia".

Watetezi wake watasema, gari lake, aibu yake, ana haki ya kunyamaza. Nakubali, kama angenyamaza. Mtu akiibiwa halali kwamba lazima atangaze. Huyu hakunyamaza! Aliendelea kuongea, kwa malipo, kuwaita wengine kwenye shimo ambalo yeye mwenyewe yumo ndani. Na wengine watasema nina wivu. Sawa, nina wivu wa gari lisilotembea, andikeni hivyo.

Na kwa haki, niseme na la upande wetu. Nilimwambia mjomba twende Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza madai ya uongo na ya kupotosha kwenye biashara, na ukimwambia mtu ana waranti huku unajua kwake haifanyi kazi, kwangu mimi hilo ni dai la kupotosha. Ipo pia sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, inayotaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika, ingawa ni sheria ya zamani na inaacha mlango wa watu kukubaliana vingine kwenye mkataba, ndiyo maana ile mistari ya sisimizi ipo. Uingereza, kwa sheria yao ya 2015, bidhaa ikiharibika ndani ya miezi sita ni muuzaji anayetakiwa kuonyesha kuwa ilikuwa nzima alipoiuza. Hapa mkulima wa mpunga ndiye anabeba chupa ya oili chafu kama ushahidi.

Mjomba akakataa. Anasema akienda huko Mofu yote itajua kuwa alipigwa. Kule amewaambia gari liko Dar linafanyiwa servisi. Servisi ya miezi! Nikamwambia, mjomba, unafanya kitu kile kile anachofanya yule kijana wa muziki. Akakaa kimya muda mrefu kwenye simu. Akasema, "Yeye analipwa." Sikuwa na jibu.

Wiki iliyopita akapiga mwenyewe. Jirani yake, naye wa mpunga, amemuomba namba ya ile yadi. Anataka gari kama lile. Mjomba alikaa na ombi hilo siku mbili, ya tatu akaenda kumwambia yote, kuanzia matairi mpaka siku ya 93, wakiwa wamekaa juu ya magunia. Halafu akanipa ruhusa niandike, ila jina lake nisiweke. Barua ya FCC tumeshaandika, anakuja kusaini Jumatatu.

Staa, wewe nimekutumia meseji mara tatu. Umezisoma zote, naona. Nilichokuomba ni kidogo tu: ifute ile posti ya utepe mwekundu, bado iko juu kabisa kwenye ukurasa wako umeibandika.

Jana nilipita tena Ilala. Magari yote mawili bado yapo, yamepakana. La mjomba fundi amelifuta vumbi. La staa limeinuliwa juu ya mawe, matairi hayapo, na turubai limehamishiwa kwenye gari la mteja anayelipa.