Ubuntu Si Mgeni Kasulu

Nilirudi nyumbani Kasulu na laptopu ya mtumba yenye Ubuntu badala ya Windows. Nilitaka kuiunganisha na waifai ya nyumbani ili nichukue sauti za hadithi za bibi, kwa Kiha, zilizo kwenye kompyuta ya kaka, nizinukuu. Kaka akasita. Akampigia fundi wake wa Kibondo, naye akahukumu palepale bila kuiona mashine: "Msiiunganishe hiyo, itavuruga zingine. Futa, tia Windows."

Jamani, hukumu hii nimeichoka!

Ruta haiulizi kabila la mashine. Inataka nywila, ikipewa iliyo sahihi, inagawa anwani, basi. Lugha ya mtandao ni moja kwa mifumo yote. Tena simu ya kaka ni Android, na kiini cha Android ni Linux, kilekile kilichomo ndani ya Ubuntu. Yaani tulikuwa tunamzuia mlangoni mtu ambaye ndugu yake anakula na kulala humo ndani miaka yote.

Na jina lenyewe? Ubuntu ni utu, neno lililochukuliwa kwa Wazulu na Waxhosa. Hapa Buha, jirani kabisa na Warundi wanaolisema neno hilohilo, nani anahitaji mkalimani? Mfumo wenye jina la kwetu tunauita mgeni. Windows, dirisha la wenzetu, tunaliita kawaida.

Fundi namsamehe, anatetea alichofundishwa. Ninaogombana nao ni nyinyi, wenzangu wa fasihi. Tangu Ngũgĩ achapishe Decolonising the Mind mwaka 1986 tumeandika insha ngapi kuhusu ukombozi wa lugha? Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wangapi kati yetu tuliifungua hata mara moja? Tulikuwa tunaandika juu ya ukombozi, huku tukibofya "Save".

Mtaniambia Microsoft nayo ilileta Kiswahili. Kweli, ilileta. Lakini kule wenye nyumba ndio wanaoamua neno lipi likae. Kwenye programu huria, ukikuta tafsiri mbovu unapendekeza yako, na jamii ikikataa unaweza kuchukua msimbo ukaendelea kivyako. Kwa mwandishi, hilo si jambo la ufundi. Ni suala la nani ameshika kalamu.

Sisemi hakuna tabu. Printa ilinilia jioni nzima, na zipo programu za Windows ambazo hazikubali kabisa. Anayezihitaji kazini abaki nazo, simlaumu. Ninayemlaumu ni anayesema "haiwezekani" kabla ya kujaribu.

Mwishowe kaka alinipa nywila. Mashine ikapata anwani yake. Kwenye Windows akaruhusu folda moja ionekane. Upande wangu Samba, programu inayoziwezesha Linux na Windows kupeana mafaili, ikaifungua baada ya kuandika jina na nywila yake. Hakuna kilichovurugika. Simu yake iliendelea, kompyuta yake iliendelea.

Sauti ya bibi ikaanza kusikika sebuleni. Kaka akavuta kiti. Fundi hatukumpigia tena.