Wanawake waliosahaulika katika kesi ya Newman

Tukisimuliana kesi ya Mtakatifu John Henry Newman, huwa tunaisimulia kama mateso ya mtakatifu. Naona tunawaruka watu muhimu.

Mwaka 1851 Uingereza ilikuwa bado na hasira kwa sababu Papa alikuwa ameirudishia maaskofu Wakatoliki. Giacinto Achilli, Mdominiko wa zamani kutoka Italia, alikuwa akihubiri huko dhidi ya Roma na kushangiliwa. Newman, katika mihadhara yake ya Birmingham, akamtaja hadharani kuwa mtu aliyewaharibu wanawake. Achilli akafungua kesi ya kashfa.

Kesi ilisikilizwa London, Juni 1852, mbele ya Lord Campbell. Sheria ya 1843, inayoitwa kwa jina la jaji huyo huyo, ilimruhusu mshtakiwa kujitetea kwa kuthibitisha kuwa alichosema ni kweli na kina faida kwa umma. Basi mashahidi wakaletwa: wanawake kutoka Italia, wakaeleza aibu yao mbele ya wanaume wa lugha ngeni, na watumishi wa ndani Waingereza, wakaeleza aliyowatendea huko huko. Achilli akakana kwa kiapo. Raia walioapishwa kuamua kesi wakasema kati ya tuhuma 23 imethibitika moja tu, ile ya adhabu aliyopewa na mahakama ya Kanisa Roma. Waliamini karatasi. Wanawake hawakuwaamini. Januari 1853 Newman alitozwa faini ya pauni 100, huku gharama za kesi zikipita pauni 10,000.

Ni rahisi kusema ilikuwa chuki dhidi ya Ukatoliki, na ilikuwepo kweli. Lakini katika mhadhara ule ule Newman alisema kwamba wakubwa wa Achilli walijitahidi kuficha kosa lake la mwaka 1826. Maneno hayo hatuyataji sana. Wanawake wale walitafutwa alipokuwa ameshageuka adui yetu. Je, angebaki ndani ya kanzu yake, akihubiri vizuri, nani angewatumia nauli? Sisi tunaojiandaa kuitwa Baba tulijibu swali hili kabla ya kuwalaumu waamuzi wa London.

Wakatoliki wa nchi nyingi walichanga wakalipa gharama zote, na Newman akawashukuru marafiki zake hao mwanzoni mwa kitabu chake kuhusu chuo kikuu. Jina la hata mmoja wa wanawake wale sijawahi kulisikia likitajwa katika mahubiri.