Simu ya Ofisi Isizimike

Ndugu wafanyakazi, mashine ikimjeruhi mwenzetu, simu ya ofisi ndiyo huita gari la wagonjwa. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme kutoka kituo cha simu. Simu ya intaneti hufa umeme ukikatika ofisini, isipokuwa ina betri.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Funzo ni hili: njia mbili zinazopita pamoja ni sawa na njia moja.

Mwajiri atalia gharama. Tudai katika mikataba yetu betri, mtambo wa pili wa simu, njia ya akiba inayopita kwingine, na majaribio kila mwezi. Majeruhi hangoji umeme urudi.